Chuo cha filamu kilichozaliwa na wiki ya sinema

Mwaka 1955 vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Paris walitengeneza filamu fupi iitwayo Afrique-sur-Seine. Kiongozi wao, Paulin Soumanou Vieyra, alikuwa amesomea utengenezaji wa filamu katika chuo cha IDHEC. Walitaka kupiga picha nyumbani Afrika, wakanyimwa kibali. Tangu 1934 amri ya Laval iliwapa watawala wa makoloni ya Kifaransa uwezo wa kuamua nani apige filamu na apige nini. Wakaishia kuwapiga picha Waafrika wenzao katika mitaa ya Paris.

Uhuru ulipokuja, kamera ilipatikana, lakini kumbi za sinema hazikuwa zetu. Katika Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, ndizo zilizoamua watu watazame nini. Mwafrika aliyetengeneza filamu hakuwa na mahali pa kuionyesha kwa ndugu zake.

Ndipo wapenzi wa sinema waliokuwa wakikutana katika kituo cha utamaduni mjini Ouagadougou walipoandaa wiki ya sinema ya Kiafrika, Februari 1969, mwenyekiti wao akiwa mwanamke, Alimata Salembéré. Iliitwa wiki, lakini ilianza tarehe 1 ikaisha tarehe 15. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwapo. Watu walitazama filamu, kisha wakazijadili na waliozitengeneza. Mwaka uliofuata serikali ilitaifisha kumbi, na sehemu ya fedha za tiketi ikatengwa kwa ajili ya filamu za nchi hiyo. Mwaka 1972 wiki ile ikawa tamasha la FESPACO lenye mashindano, na tuzo yake kuu ikapewa jina la farasi wa Yennenga, binti mfalme ambaye Wamossi humhesabu kuwa mama wa ukoo wao. Oumarou Ganda wa Niger ndiye aliyeitwaa kwanza.

Kwa maoni yangu, hatua kubwa kuliko zote ilikuja 1976, Chuo Kikuu cha Ouagadougou kilipofungua taasisi ya filamu, INAFEC. Tamasha na darasa vikawa katika mji mmoja. Mwanafunzi wa nchi nyingine husoma habari za waongozaji wakubwa vitabuni. Wa Ouagadougou aliweza kutazama kazi yao usiku, na kesho yake akakaa nao kwenye mjadala na kuwauliza kwa nini kamera imewekwa pale. Gaston Kaboré, aliyeanza kwa kusomea historia, alikuwa miongoni mwa walimu wa taasisi hiyo, na filamu yake Wend Kuuni ya 1982 ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa.

Matunda hayakukawia. Idrissa Ouédraogo alisoma hapo, na mwaka 1981 filamu yake fupi, Poko, ikapata tuzo katika FESPACO. Mwaka 1990 Tilaï yake ilitwaa Tuzo Kubwa ya majaji huko Cannes, na mwaka uliofuata ikashinda farasi wa Yennenga. Fanta Régina Nacro naye alitoka INAFEC, akawa mwanamke wa kwanza wa Burkina Faso kuongoza filamu ya hadithi. Dani Kouyaté, mtoto wa mwigizaji Sotigui Kouyaté, alipitia madarasa hayohayo.

Mwaka 1987 fedha zilikosekana na INAFEC ikafungwa. Hasara hiyo sijui kama imewahi kufidiwa. Nchi za Afrika zilizofaidi chuo kile ziliacha mzigo uilemee nchi moja maskini. Mwaka 2003 Kaboré alianzisha IMAGINE, kituo cha mafunzo mjini humohumo, lakini kituo cha mtu mmoja hakiwezi kubeba kazi ya chuo kikuu.

Kwetu, Zanzibar ina tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wengi wenye kamera ndani ya simu zao. Wakuu wa vyuo, wapeni vijana wiki moja kila mwaka: ukumbi, filamu za Kiafrika, na mwongozaji wa kukaa nao baada ya taa kuwashwa. Machi 2025 tuzo kuu ya FESPACO ilirudi Burkina Faso baada ya miaka 28. Filamu iliyoshinda ni Katanga, na aliyeiongoza ni Dani Kouyaté, mwanafunzi wa INAFEC.