Shule Nyingi, Mkataba Mmoja: Historia ya Ujenzi wa Madarasa Butembo na Beni

Ubia wa serikali na mshirika binafsi katika ujenzi wa shule ni utaratibu ambao mshirika hutafuta mtaji, hujenga na kutunza majengo kwa miaka mingi, na serikali humlipa kidogo kidogo kutoka katika bajeti yake. Tena, shule kadhaa zinapofungwa katika mkataba mmoja, gharama hutarajiwa kupungua na mjenzi mkubwa, ambaye asingejishughulisha na shule moja ya mlimani, hupata sababu ya kuja. Kaunti ya Prince George's, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, ilijenga shule sita kwa njia hiyo, zikafunguliwa mwaka 2023. Huko Butembo na Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nusu ya utaratibu huo ina umri wa karibu karne moja: serikali imezoea kukabidhi shule nyingi kwa mshirika mmoja kwa mapatano mamoja, lakini fedha za ujenzi ziliachwa zitafutwe shule kwa shule.

Msingi uliwekwa tarehe 26 Mei 1906, pale Dola Huru la Kongo lilipotiliana saini na Vatikani makubaliano ambayo kwayo kila misheni ya Kikatoliki ilipewa ardhi ya hekta 100 hadi 200 kwa sharti la kuanzisha shule. Katika miaka ya 1920 utawala wa Wabelgiji ulianza kuzipa ruzuku misheni za Kikatoliki za Kibelgiji, na mapadre Waasumpsionisti, walioanza kazi katika nchi ya Wanande, wenyeji wa Butembo na Beni, mwaka 1929, waliukuta mfumo huo tayari; Waprotestanti walisubiri ruzuku hadi 1948. Serikali ilituma wakaguzi na kutoa sehemu ya fedha, ilhali jengo lilisimama katika ardhi ya misheni, kwa mikono ya Wakristo wa mahali pale.

Mwishoni mwa 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule hizo, lakini serikali ilishindwa kuziendesha, ikarudi kwa makanisa na kutia saini mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Humo ndimo ilimozaliwa shule ya mapatano, yaani shule ambayo ni mali ya umma, inayofuata programu ya taifa na ambayo walimu wake hulipwa na serikali, lakini husimamiwa na kanisa. Hivyo Dayosisi Katoliki ya Butembo-Beni na jumuiya za Kiprotestanti, kama vile Wabaptisti, zilipewa kila moja mtandao mzima wa shule wa kuratibu. Swali la nani atakayejenga darasa jipya au kuezeka upya paa lililotoboka halikupata fungu la fedha la kulijibu, na kadiri bajeti ya elimu ilivyoporomoka katika miaka ya 1980 na mishahara kukauka katika miaka ya 1990, mzigo wote uliwaangukia wazazi.

Hapo ndipo historia ya Butembo inapostahili heshima ya pekee. Katika mji ambao wafanyabiashara wake walichangia kutengeneza barabara pale dola lilipolala, kamati za wazazi zilitoza michango juu ya minervali, ambayo ni ada ya masomo, wazazi wakachoma matofali, wakanunua mabati, au manjanja kama wenyeji wanavyosema, nao wanafunzi wakabeba mchanga na maji hadi kwenye kiwanja. Hata wakati wa vita, Beni ilipokuwa makao ya waasi wa RCD-K/ML, shule ziliendelea kwa nguvu hiyo. Lakini haki iwepo katika kusifu: mchango wa shule moja hauvuki kilima kwenda shule nyingine, kwa hiyo mtaa wenye maduka ulipata kuta za matofali, na kijiji cha wakulima wa Lubero kikabaki na kuta za miti na udongo, ijapokuwa shule zote mbili zilikuwa chini ya mratibu mmoja.

Sheria namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018 iliupa ubia wa umma na binafsi msingi wa kisheria nchini Kongo. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure, uamuzi wa haki uliokuwa ndani ya Katiba tangu 2006. Ila uliondoa michango iliyokuwa ikijenga madarasa wakati uleule wanafunzi walipofurika, na katika eneo la Beni mauaji yanayoendelea tangu 2014 yalizigeuza shule kadhaa kuwa malazi ya wakimbizi wa ndani. Mpango wa serikali wa Maendeleo ya Maeneo 145 ndio uliokuja kuufunga ujenzi wenyewe pamoja, kwa kukabidhi ujenzi wa shule, zahanati na ofisi za maeneo yote hayo kwa wasimamizi watatu tu, ingawa kwa fedha za umma. Na kwa kuwa eneo katika sheria ya Kongo ni la vijijini, miji ya Butembo na Beni haimo.

Kufunga shule pamoja pia hukusanya hatari. Edinburgh, nchini Scotland, ilisitisha masomo katika shule 17 mwaka 2016 baada ya ukuta wa shule moja ya ubia kuanguka na kasoro za ujenzi kugunduliwa katika nyingine. Kivu ya Kaskazini, iliyo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, haina hata bunge la jimbo lenye kazi la kukagua mkataba wa namna hiyo. Mkataba wowote utakaokuja Butembo na Beni utaje kwa maandishi nani atatengeneza paa mwaka wa ishirini, na kamati za wazazi, zilizojenga bila mkataba, ziwe miongoni mwa watia saini.