Njia ya Pwani hata Morogoro

Mtu akiulizwa umbali wa Morogoro na pwani, mara nyingi hujibu kwa saa, wala hataji maili. Jawabu hilo si la ujinga. Njia hupimwa pia kwa maji, chakula, mvua na mabega ya wachukuzi.

Mwezi wa Machi, mwaka 1871, Henry Stanley alitoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Dk. Livingstone. Chini ya milima ya Uluguru alifika Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, ambao binti yake aliutawala baada yake. Stanley alihesabu maili 119 toka Bagamoyo. Mwendo wenyewe ulikuwa wa vituo 14, lakini msafara ulichukua siku 29, yaani maili nne na kidogo kwa siku. Kwa nini? Ilikuwa masika. Mito ilijaa, njia ikawa matope, watu waliugua, na kikosi kimoja kilichelewa nyuma hata wengine wakakingoja. Na tuangalie hesabu hiyo vema: zaidi ya nusu ya siku zile zilipita bila mtu kusogea mbele, na kila siku ya kungoja wapagazi walikula, na chakula kilinunuliwa kwa nguo na shanga. Mvua ilimla msafiri mali yake kabla hajafika popote. Tena mzigo wa ratili 70 haupungui uzito kwa kuwa mchukuzi ana homa. Hilo vitabu vya wasafiri hulitaja kwa haraka mno.

Mwaka 1905 Wadachi walianza kujenga reli, wakaianzia Dar es Salaam, si Bagamoyo. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Safari ya majuma ikaingia ndani ya siku moja. Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa bara, ukaanza kupoa.

Ndege nayo haikuepa sheria ile ya vituo. Mwaka 1931 Imperial Airways walianza kupeleka barua toka London hata Mwanza, na mwaka 1932 wakafika Cape Town. Safari ile ilikuwa ya siku nyingi, kwa kuwa ndege ilishuka mara kwa mara kutia mafuta, na usiku abiria walilala chini kama wapagazi wa kale, ila katika vitanda vizuri. Toka Dar es Salaam hata Morogoro kwa mstari ulionyoka ni kilomita 180 hivi. Ndege iendayo kilomita 400 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 27, lakini hesabu hiyo haimo saa ya kungoja kiwanjani.

Tarehe 14 Juni 2024 gari la moshi lisilo na moshi, liendalo kwa umeme, lilianza kuchukua abiria kati ya miji hiyo miwili. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, nalo hufika kabla ya saa mbili kutimia.

Lakini mkulima wa Mgeta, ambaye kabeji zake huliwa Dar es Salaam, hana budi kwanza kuteremka mlimani. Na masika yakija, njia ya mlimani huteleza kama ilivyoteleza mwaka 1871.