Hisani Yenye Tija

Miaka ya 1990, baadhi ya shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya, zilipewa vitabu vya kiada. Watafiti, akiwemo mwanauchumi Michael Kremer wa Marekani, wakapima matokeo. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakiongoza darasa tangu awali, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao. Huko huko Busia, dawa za minyoo, za bei ndogo sana, zilipunguza siku za kukosa shule kwa robo.

Nia njema ilikuwa ile ile, kwenye vitabu na kwenye dawa. Matunda ndiyo yaliyotofautiana. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha vuguvugu ninalolitafutia jina la Kiswahili (kwa Kiingereza “effective altruism”), lililokulia Oxford, Uingereza, ambako mwaka 2009 Toby Ord na William MacAskill walianzisha chama cha watu wanaoahidi kutoa angalau sehemu ya kumi ya mapato yao.

Mtu angeweza kusema “ufadhili wenye ufanisi”. Silipendi. Ufadhili siku hizi umehamia kwenye mabango ya miradi, na ufanisi humsifu hata anayetekeleza vizuri jambo lisilo na faida. Napendekeza hisani yenye tija. Tija tumeizoea katika “kilimo chenye tija”: mavuno yakilinganishwa na jasho na mbolea. Hisani nayo imetoka kwenye ihsani ya Kiarabu, yenye maana ya kutenda wema na pia ya kulifanya jambo kwa ubora wake. Kiswahili kilibaki na wema, ubora ukafifia, tija inaurudisha.

Methali inatuambia tutende wema twende zetu, tusingoje shukrani. Watu wa vuguvugu hili nao hawangoji shukrani, ila hawaendi zao: wanabaki wajue kama mtoto kapona.

Ugumu huanza kwenye siasa na teknolojia mpya, kwani huko hakuna Busia ya kurudi kupima. Mwaka 2020 Ord alikadiria kwamba uwezekano wa akili mnemba kuuangamiza mustakabali wa binadamu ndani ya miaka 100 ni mmoja kwa kumi. Namheshimu kwa kuthubutu kutaja namba, lakini mzani wa dawa za minyoo hauwezi kuipima. Mwaka 2022, huko Oregon, Carrick Flynn, mmoja wa watu wa vuguvugu hili, aliwania ubunge wa Marekani akiahidi kinga dhidi ya magonjwa ya mlipuko. Zaidi ya dola milioni 10 zilimwagwa kumuunga mkono, nyingi za Sam Bankman-Fried, tajiri wa sarafu za kidijitali. Flynn alishindwa kwenye mchujo. Novemba hiyo kampuni ya Bankman-Fried ikaanguka, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa kuwalaghai wateja wake.

Ndiyo maana naikataa “tija ya hisani”, inayoitanguliza hesabu. Katika hisani yenye tija, nomino kuu ni hisani, na hiyo “yenye” inapatana nayo.