Kariokor: Mnara wa wapagazi usio na mawe

Jina la mtaa wetu huku Kiganjo, Thika, ni historia tosha. Kwa Kikuyu, kiganjo ni mahali palipokuwa na boma, wenyewe wakahama. Kiswahili nacho kina ganjo, yaani mahame. Watu huondoka, kuta zikaporomoka, neno likabaki likilinda kiwanja.

Hayo niliyawaza nilipozuru ngome ya Mashoti, karibu na Maktau, Kaunti ya Taita Taveta. Ni lindo la mawe lililojengwa na Waingereza juu ya kilima wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta mnamo Agosti 1914, kwa hivyo askari wa hapo juu waliukodolea macho uwanda wa magharibi, upande wa adui.

Tuliite nini lindo hilo? Mswahili wa pwani angesema buruji, neno lenye asili ya Kiarabu. Mkulima angekumbuka dungu au ulingo, jukwaa la kuamia ndege shambani. Maneno yote hayo humtukuza anayeketi juu akaona mbali.

Haya basi, nani aliyempelekea huyo mlinzi unga, maji na risasi? Hapo mawe yananyamaza. Katika vita vile, Waafrika kwa maelfu, wengi wao kwa kulazimishwa, walitiwa katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Wanahistoria hukadiria kuwa takriban 100,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi.

Hao hawakuachiwa ngome. Waliachiwa neno. Zilipokuwa kambi zao, wenyeji walilitafuna jina la kikosi wakalimeza: Dar es Salaam ikapata Kariakoo, neno lililokubali irabu mwishoni kama ada ya Kiswahili, Nairobi ikapata Kariokor, yenye r iliyogoma kutoka.

Leo abiria anamwambia kondakta, "Nishukishe Kariokor," akanunue chondo chake, asijue ametaja kikosi cha marehemu. Ndiyo maana nashikilia kuwa mwalimu anayewapeleka wanafunzi Mashoti afanye kazi mbili: awaonyeshe mawe, kisha awafasirie neno Kariokor. Akifanya ya kwanza pekee, watarudi wakimjua aliyelinda, wasimjue aliyebeba.