Kufutiwa, Kulipiwa na Kusamehewa: Mkopo wa Mshauri wa Shule

Mfasiri akutanapo na sheria za Marekani kuhusu mikopo ya wanafunzi, aghalabu huandika “msamaha wa mkopo” na kuendelea na kazi yake. Neno hilo hubebeshwa mambo matatu yaliyozaliwa nyakati mbalimbali, na asiyeyatenga aweza kumwahidi mkopaji jambo ambalo sheria haikuliahidi. Tuwatazame washauri wa shule.

Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik. Marekani ilishtuka, na tarehe 2 Septemba 1958 Rais Eisenhower alitia saini Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Sehemu yake ya pili iliwakopesha wanafunzi wa vyuo. Ya tano iligharimia mafunzo ya washauri wa shule za sekondari. Mshauri wa siku hizo hakuwekwa hasa kumtuliza mtoto mwenye huzuni, bali kumtambua mwenye kipaji na kumhimiza aende chuoni. Mkopaji aliyefundisha katika shule ya umma alifutiwa asilimia 10 ya deni kila mwaka, hadi nusu yake. Kifungu hicho kilimtaja mwalimu. Mshauri, ambaye sheria iyo hiyo ilimwandalia masomo, hakikumtaja. Huku ndiko kufutiwa: mkopeshaji mwenyewe hupunguza hesabu yake kadiri kazi inavyotendeka.

Kulipiwa ni jambo jingine. Kikosi cha Taifa cha Huduma za Afya, kilichotokana na sheria ya 1970, kiliongezewa mpango wa kuwalipia watumishi madeni yao kwa sheria ya 1987. Wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii wenye leseni wamo, hata wa kliniki za shuleni zilizoidhinishwa. Hapo mkopeshaji hafuti hata senti moja. Mtaalamu hufunga mkataba, hutumikia mahali penye upungufu, naye hupewa fedha za kupunguzia deni. Akivunja mkataba, hugeuka mdaiwa wa serikali.

La tatu lilikuja 2007. Mwenye mkopo wa moja kwa moja wa serikali, akiwa mtumishi wa umma, akitimiza malipo 120 ya kila mwezi, huondolewa baki. Mshauri wa shule ya umma aliingia humo kwa sababu ya mwajiri wake, si kwa jina la kazi yake. Lilikuwa jambo kubwa kwake, kwani majimbo mengi humdai shahada ya uzamili, nayo hupatikana kwa mkopo. Waombaji wa kwanza walifikia hatua hiyo 2017, na wengi mno wakakataliwa. Baadhi yao walikuwa wamelipa miaka mingi kwa mkopo wa aina isiyostahili.

Hili la mwisho ndilo liitwalo msamaha, nami silipendi neno hilo. Asamehewaye huwa amekosa. Nitaambiwa kwamba twasema “msamaha wa kodi” pasipo kosa lolote. Lakini huko mtu hatozwi tangu mwanzo, na huku amekwisha kulipa miaka kumi. Napendekeza “ufutaji wa baki la deni”. Kwa lile la 1987, kauli ya kutendea yatutosha: “ulipiaji wa deni”. Neno “marejesho” lisitumike hapo. Hapa Tanzania, ambako Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004, limezoeleka kwa fedha anazorudisha mkopaji mwenyewe.