Joto Lililo Chini ya Lyamba lya Mfipa

Mtowisa iko bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaoteremka karibu mita elfu moja kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi usawa wa Ziwa Rukwa. Kaskazini mwa bonde hilohilo, upande wa Katavi, kuna mji unaoitwa Majimoto. Waliouita hivyo walilijua jotoardhi kabla ya wahandisi.

Ukuta huo ni kazi ya ardhi inayoachana. Tarehe 13 Desemba 1910 iliachana kwa kishindo: tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika katika karne ya 20. Nyufa za namna hiyo hushusha maji ya mvua hadi kwenye miamba yenye joto, kisha huyarudisha juu yakiwa ya moto.

Mwaka 1952, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtambo wa kilowati 200 ulijengwa Kiabukwa, Katanga, ukitumia maji ya nyuzijoto 91. Ulikuwa wa kwanza Afrika, na umeme wake ulikwenda mgodini. Kenya ikawasha Olkaria mwaka 1981. Kwetu, wataalamu wa Uswidi na Aislandi walichunguza majimoto ya kaskazini na ya Mbeya kati ya 1976 na 1979. Kampuni ya umma ya jotoardhi, TGDC, ikaundwa 2013. Sumbawanga, kwa miaka mingi, imewasha taa kwa umeme wa kununua Zambia na kwa jenereta za dizeli.

Nikiipanga miaka hii naona jambo moja: habari za ardhi yetu husafiri mbali kabla ya kufika jirani. Juni 2016 wanasayansi walitangaza kwamba joto la volkano limeifukuza gesi ya heli kutoka miamba ya kale ya Rukwa. Walitangaza mkutanoni Yokohama, Japani. Nani aliteremka kuieleza Mtowisa?

Elimu kwa umma isingoje mashine ya kuchoronga ifike. Olkaria, mwaka 2014, familia za Wamasai zilihamishwa kupisha mitambo, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Mwanafunzi wa Mtowisa anayechora Bonde la Ufa daftarini anastahili kuambiwa mapema: hili ni bonde lako, joto hili lina thamani, kisima kinaweza kukosa mvuke, na ardhi ikitakiwa, una haki ya kuuliza kwanza.