Ng'ombe, Nyasi na Moto katika Milima ya Buha

Katika nyanda za juu za Buha, zinazoinuka nyuma ya Ujiji na Kigoma, ng'ombe alikuwa mali na heshima, na juu ya hayo alikuwa kinga ya nchi dhidi ya moto. Kwani nyasi za miyombo, zikisha kunyeshewa tangu Novemba hata Aprili, hurefuka kumpita mtu kimo, na ifikapo Agosti hukauka kabisa zikingoja cheche, lakini kundi lililopita humo kila siku lilizila zingali mbichi, likazikanyaga zilizosalia, likaacha mapito ya udongo mtupu ambayo moto ukiyafikia hukosa cha kushika.

Makundi hayo yalitawanywa na desturi. Katika Heru na dola nyingine za Waha, Watusi wenye ng'ombe wengi waliwakabidhi wakulima wanyama kwa mapatano yaitwayo ubugabire, mkulima akapata maziwa na samadi, naye akatoa utumishi na utii. Mapatano hayo hayakuwa ya usawa, wala haifai kuyapamba. Walakini kwa sababu yake ng'ombe walikaa katika nyumba nyingi, na malisho yakaenea kandokando ya mashamba.

Wachungaji wenyewe pia walichoma nyasi ili zichipue upya, na hapa wakati ndio jambo kubwa. Moto wa Mei au Juni, mashina yangali na unyevu, hutambaa chini na kuyababua magome tu. Moto wa Septemba, pepo zikivuma, huua miche yote na kupanda hata matawini.

Kisha ikaja sotoka, iliyoenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Malisho yaliyokosa mlaji yakaota vichaka, vichaka vikawa maskani ya mbung'o, na mbung'o wakaeneza malale. Mfuatano huu Helge Kjekshus aliueleza kwa mapana katika kitabu chake cha 1977, nami naona hoja yake ina nguvu. Huko Shinyanga, Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o, aliwahimiza watu wangoje hata nyasi zikauke kabisa ndipo wachome, ili moto mkali uviangamize vichaka: yaani moto ukatumwa kazi ambayo ng'ombe na jembe walikuwa wakiifanya kwa upole. Huku Buha, tangu 1933, serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Kasulu na Kibondo na kuwakusanya katika makazi mapya kwa hofu ya malale, na mashamba na malisho waliyoyaacha yakarudia pori, pasipo mtu wala mnyama wa kuukatiza moto njia.

Kwingineko kazi hiyo ya mifugo inathaminiwa tena: kule Andalusia, kusini mwa Hispania, serikali sasa huwalipa wachungaji walishe mbuzi na kondoo katika njia za kuzuia moto msituni. Kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, Gombe, iliyotengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na hifadhi ya taifa mwaka 1968, haina mifugo, na nyasi za vilele vyake juu ya ziwa hushika moto upandao kutoka upande wa vijiji. Kwa hiyo kiangazi kinapoanza, watumishi wa hifadhi huchoma mapema kandokando ya mpaka, nyasi zingali na unyevu, kama walivyochoma wachungaji.